Amina ya Mama Vestina

Tabora,
12 Desemba 1997

Ndugu yangu Anicet,

Salamu sana kwako, kwa Emelyne mkeo na watoto. Mimi mzima, cherehani inazunguka, sare za shule za Januari zimenijaa hadi mlangoni. Lakini leo nakuandikia jambo zito. Jana kaja mtu kutoka huko Katumba, kaniambia kamwacha mama yangu yuko chini, hali kitu, anakohoa hadi anajikunja. Nilikimbia stesheni. Treni ya Mpanda haiendi, tuta la reli limeliwa na maji. Nikaenda kwa wenye malori, wakanicheka. Hii mvua wanayoiita El Nino imetufungia wote, mimi huku na mama huko.

Anicet, wewe ndiye katekista wa kigango, na tumekua pamoja hapo kwenye makazi ya wakimbizi tangu tukiwa watoto wa kuchezea udongo, kwa hiyo sioni aibu kukuomba. Unajua mama anaogopa nini. Kufa haogopi. Baba alipofariki mwaka 1972, tukikimbia kutoka Burundi, alikufa kwenye majani, hakuna padre, hakuna Komunyo, mama kamshika kichwa. Miaka ishirini na tano nimemsikia mama akisema neno lile lile: "Aliondoka na njaa." Wala hasemi njaa ya ugali.

Mimi kanisani nimekuwa mtu wa kuchungulia mlangoni, miaka saba sijaungama wala kukomunika, unanijua. Lakini hofu ya mama imeniingia mwilini kana kwamba ni yangu. Tafadhali ndugu yangu, nakupigia magoti kwa kalamu. Asiondoke kabla hujampa. Najua padre hafiki kila mara, lakini wewe umeruhusiwa kuwapelekea wagonjwa. Ukishampa, niandikie neno moja tu, nimempa, ndipo nitalala.

Barua hii anakuja nayo mfanyabiashara wa tumbaku anayepitia Inyonga. Mungu amvushe.

Wako,
Celestin


Katumba,
27 Desemba 1997

Ndugu Celestin,

Barua yako ilinifikia tarehe 23, imelowa pembeni, inasomeka.

Jana mchana mama alizidiwa. Akina mama walikuwa wamejaa ndani na kuanza nyimbo. Nilimpelekea Komunyo. Alipokea. Hakuweza kujibu kitu, midomo ilikuwa imekauka, lakini alimeza kwa kijiko cha maji, kisha akalala. Hadi naandika bado anapumua. Emelyne yuko naye.

Umeniomba neno moja. Basi, nimempa.

Sina mengi, paa linavuja juu ya meza.

Anicet


Tabora,
9 Januari 1998

Anicet, Anicet, Anicet!

Mungu akupe unene! Barua yako ilifika Ijumaa iliyopita na mtu aliyeileta kaniambia mama ameamka, anakunywa uji, kaonekana mlangoni amekaa na blanketi! Nilipiga kelele hapa sokoni, mafundi wenzangu wakadhani nimejidunga sindano. Nimewasimulia wote. Kuna mama mmoja Mhaya jirani yangu analia kila nikirudia. Umempelekea Yesu mtu aliyekuwa anaondoka, naye kamsimamisha. Tunafundishwa tangu utotoni, lakini kuyaona ni kitu kingine.

Sasa sikia na hili, kaa chini. Jumamosi nimeungama. Mimi! Miaka saba! Padre wa hapa alinisikiliza hadi miguu ikafa ganzi. Jumapili nikapanga mstari na kina bibi, nikakomunika. Nilipokuwa narudi kwenye benchi nilikuwa nakufikiria wewe, vile ulivyomwinamia mama yangu na ile hostia. Wewe ndiye umenirudisha, ndugu yangu, usibishe.

Wanasema treni itaanza mwezi wa pili. Nikifika nataka tukomunike pamoja, mimi na mama, kutoka mkono wako huo huo. Nimeshakushonea shati jeupe.

Celestin wako mwenye furaha


Katumba,
14 Januari 1998

Padre Fortunatus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Padre, najua mtu haungami kwa barua, nimewafundisha watu hivyo mimi mwenyewe. Lakini daraja limekwenda na maji na mimi siwezi kuendelea kukaa na jambo hili peke yangu. Naogopa. Naogopa nikila, naogopa nikisali, naogopa nikiigusa kengele ya kanisa.

Hostia ulizozigeuza kuwa Mwili wa Bwana kwenye misa ya Novemba ziliisha Jumapili ya tarehe 14 Desemba. Ile moja ninayobakizaga kwa ajili ya wagonjwa nilimpa mzee Silvester tarehe 17, siku moja kabla hajafariki. Kisanduku cha tabernakulo kikabaki kitupu, nikaizima ile kandili yetu yenye kioo chekundu, maana haiwaki Bwana asipokuwemo, kama ulivyotuelekeza. Watu hawakujua. Wamezoea kwamba Anicet hakosi moja ya wagonjwa.

Tarehe 26 mama Vestina akawa anakata roho. Verdiana, kiongozi wa akina mama, akaniambia mbele ya wote, "Katekista, unangoja nini? Mletee Bwana wake." Mfukoni nilikuwa na barua ya mwanae. Mama mwenyewe alinitazama. Padre, yule mama ni kama aliyenizaa. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni kwake wakati mwanae anatembea kwa miguu. Nilishindwa kusema hakuna.

Nilikwenda kanisani, nikasimama mbele ya tabernakulo tupu. Kisha nikafungua kabati. Kuna lile kopo la hostia ambazo masista walituletea kwa ajili ya misa ya Krismasi ambayo hukuweza kufika. Hazijageuzwa. Ni unga wa ngano na maji. Nikachukua moja.

Na haikuishia hapo. Nilibeba mshumaa, nikapiga kengele njiani kama desturi. Watu walitoka kwenye nyumba zao wakapiga magoti kwenye matope, Padre. Watoto niliowaandaa mimi kwa Komunyo ya kwanza walipiga magoti. Mzee mmoja alivua kofia mvua ikimnyeshea kichwani. Wote wale waliupigia magoti mkate, na mimi nimeushika juu.

Nikamwambia mama, "Mwili wa Kristo." Nilisema maneno hayo juu ya kitu kisichokuwa. Alinitazama muda mrefu. Hakujibu. Nilidhani ni udhaifu. Nikamwekea ulimini.

Sasa amepona. Anatembea hadi jikoni. Na hapo ndipo nilipomalizika, kwa sababu watu wote wanasema ni ile Komunyo. Jumapili wameniletea wagonjwa. Nilipowaambia tabernakulo ni tupu, Verdiana akauliza, "Mbona ya mama Vestina ilikuwepo?" Nikasema ilikuwa ya mwisho. Uongo wa pili. Basi sasa wanasema hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa na nguvu. Kuna mtu anaitwa Ubaldo kutoka Litapunga, kamleta mkewe kwa baiskeli akiwa amefungwa kwa kanga asianguke, mguu umevimba vibaya. Wamekaa nje ya kanisa siku mbili. Nimewaomba waende zahanati, ananijibu, "Tutasubiri tu, katekista, na sisi utatuonea huruma." Kopo liko kabatini. Naogopa watu hawa, lakini zaidi naogopa mkono wangu.

Celestin mwanae amerudi kwenye sakramenti kwa sababu ya uongo wangu. Mimi mwenyewe sijamkaribia Bwana tangu siku ile na sijui kama atanipokea tena.

Niambie nifanye nini.

Anicet, katekista


Mpanda,
25 Januari 1998

Katekista Anicet,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeipata jana. Nimeisoma. Sitakuficha, umenitia hofu hata mimi.

Ufunguo wa kabati mpe mwenyekiti wa kigango leo. Mke wa Ubaldo apelekwe hospitali hata kwa machela; waambie ni amri yangu. Ibada ya Jumapili aongoze mwingine hadi nifike.

Waliopiga magoti walimwabudu Bwana, hawakuabudu ngano. Kosa ni lako, siyo lao. Huyo rafiki yako wa Tabora, kitubio chake ni cha kweli na Komunyo yake ni ya kweli, usimharibie kwa kudhani wewe ndiye uliyempa. Na mama Vestina, ikiwa alimtamani Kristo kwa moyo wote na hakukuwa na namna ya kumpokea, Kanisa linatufundisha kwamba Kristo hakumwacha. Yeye hasubiri daraja lijengwe.

Lakini hayo hayakupi ruhusa ya kunyamaza. Ulimdanganya mtu anayekufa kwa maneno matakatifu kuliko yote uliyo nayo. Umwambie kabla sijafika, kwa mdomo wako, umekaa mbele yake. Najua unaogopa. Nenda hivyo hivyo unaogopa.

Nitafika Jumamosi tarehe 7 Februari. Gari likigoma mtoni nitakuja kwa miguu. Utaungama, na Jumapili tutakuwa na misa.

Padre Fortunatus


Katumba,
2 Februari 1998

Mwanangu Celestin,

Ni mimi mama yako. Mwandiko ni wa Anicet kama siku zote, maana mimi kalamu hawakunifundisha. Maneno ni yangu, na nimemwapisha asipunguze hata moja, hata yale yatakayomchoma.

Kaja leo asubuhi, kakaa kwenye kigoda, kofia kaishika mikononi kama mtu aliyekuja kuposa. Uji umepoa. Ndipo akasema kwamba Komunyo aliyoniletea siku ya pili ya Krismasi haikuwa Komunyo, ni hostia tupu ya kwenye kopo. Nikamwambia, "Umechelewa wiki tano. Chukua kalamu."

Mwanangu, mimi nilijua.

(Nimemwomba mama nipumzike kidogo. Ananisubiri. A.)

Kitanda changu si unakijua, kiko dirishani, na dirisha langu linatazamana na lile la kanisa. Mgonjwa ana kazi gani? Kazi yangu ilikuwa kuitazama ile taa nyekundu. Siku ya mzee Silvester ikazimwa, haikuwaka tena. Padre hakupita. Sasa huyu anakuja na kengele, kang'ang'ania kile kikopo cha kubebea Komunyo, macho yamemtoka. Nikasema moyoni, Mana yanje, Mungu wangu, mtoto huyu kabeba nini?

Kule Burundi niliwaokea masista hostia miaka sita, kabla sijaolewa na baba yako. Naujua ule mkate kabla haujaenda altareni. Ni chakula tu, tulikuwa tunatafuna vile vipande vya pembeni tukiona njaa. Na masista walitufundisha, ukiambiwa "Mwili wa Kristo" ukajibu Amina, umesema ndiyo, ni yeye. Sasa mimi ningesemaje ni yeye wakati siye? Nikafunga mdomo. Nikamtazama Anicet, nimpe nafasi aseme. Hakusema. Nyuma yake kina Verdiana wamejipanga wananitazama ninavyokufa. Nikikataa, mtoto huyu niliyembeba mgongoni anaaibika mbele yao. Nikafungua mdomo, nikala. Nilikula mkate. Amina sikumpa.

Lakini Celestin, hofu iliyonishika pale usiiombe. Nilisema basi, yamenikuta ya baba yako. Nakufa, nina unga mkavu ulimini na Yezu hayumo. Mwili wote ulikuwa baridi. Nikamwita. Sikusali sala ya kwenye kitabu, nilimwita kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya mto: njoo hivyo hivyo, mimi niko hapa. Akaja. Sikuona kitu wala sikusikia sauti, msianze kunitungia. Hofu ilitoka tu, nikapata usingizi.

Na kabla ya usingizi nikamwona baba yako akilini, pale kwenye majani, midomo yake ilivyokuwa inacheza. Miaka yote hii nilidhani anaomba maji na mimi sina. Hakuwa anaomba maji. Alikuwa anaita, kama nilivyoita mimi. Na kama mimi nilijibiwa, yeye angenyimwa kwa nini? Hakuondoka na njaa, mwanangu. Nilikulea kwenye neno hilo na halikuwa kweli. Nisamehe.

(Mama anasema niandike kwamba ninalia, na kwamba amenionya nisidondoshee karatasi.)

Usije ukasema basi Komunyo haina maana, mtu ataita tu kitandani kwake. Nina njaa nayo hadi kwenye mifupa. Nikimwita anakuja, lakini pale altareni amesema nile, na mimi nataka kula. Wanaosema imeniponya waambie kilichonisimamisha ni sindano za zahanati, na uji wa Emelyne, na hasira. Wiki tano namsubiri huyu aseme ukweli, anapita hapo nje, "Umeamkaje, mama," anakimbia. Nilikataa kufa kabla hajasema. Niliogopa nikifa atabaki nayo maisha yake yote.

Mkasirikie kidogo, inamstahili. Usimkasirikie sana.

Padre anakuja Jumamosi. Amina yangu ninayo bado.

Mama yako,
Vestina
(na alama ya kidole chake hapa)


Katumba,
9 Februari 1998

Ndugu Celestin,

Sijui kama barua hii utaifungua. Ukiona mwandiko wangu ukaichana, una haki.

Padre alifika Jumamosi kwa miguu, suruali kaikunja hadi magotini, kiatu kimoja kimebebwa na mto. Niliungama. Nilimuuliza kama watu wote lazima waambiwe, akasema, "Wewe uliwapigia kengele." Basi jana kabla ya misa nilisimama mbele ya kigango chote nikawaambia. Sauti ilikuwa inakatika, nikawa naanza upya. Verdiana alitoka nje na akina mama watatu. Ubaldo alikuwa amerudi kutoka hospitali, mkewe bado amelazwa, madaktari wamesema wangechelewa siku chache tu mguu usingekuwepo. Alinitazama hadi nikamaliza. Kisha akainama akafunga kamba ya kiatu. Afadhali angenitukana.

Nimeondolewa kugawa Komunyo. Watoto wa mafundisho atawachukua mwingine. Padre amesema tutaona baada ya Pasaka, labda hata hapo siyo.

Wakati wa Komunyo mama alikataa kuletewa kitini. Akapanga mstari na fimbo yake. Mimi nilikuwa mbele yake. Nilikuwa na hofu, Celestin, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile nilipofungua kabati sikuogopa hivyo. Zamu yangu ikafika, Padre akainua hostia. "Mwili wa Kristo." Nikakwama. Neno nililowafundisha watoto wa makazi haya miaka tisa halikutoka. Mama akanigonga kisigino na fimbo.

"Jibu," akasema, "watu wanasubiri."

Nikasema Amina. Ilitoka ndogo, sijui kama Padre aliisikia. Nikapokea, nikasogea pembeni, nikashindwa kwenda kwenye benchi. Nilitaka nimsikie.

"Mwili wa Kristo," Padre akamwambia.

Mama hakuwa na haraka. Aliitazama ile hostia, kisha akageuza shingo akaitazama taa, ilikuwa inawaka. Ndipo akaisema. Aliisema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake shamba la pili. Watoto wa mbele waliruka. Nje, kwenye upenyo wa mlango, nilimwona Verdiana amepiga magoti pale pale aliposimama.

Alilala jana mchana wote na anapumua vizuri. Leo kaulizia treni mara tatu. Njoo, ndugu yangu, hata kama huji kwangu. Lile shati jeupe mpe mtu mwingine.

Bado naogopa, sikudanganyi tena. Lakini kuna kazi moja Padre ameniachia, ni ile taa. Asubuhi na jioni naijaza mafuta, nafuta kioo, nakata utambi. Nikimaliza nasimama dirishani, natazama upande wa pili. Mama akiinua mkono, najua ameiona, ndipo natoka.

Anicet